Mbwa Asiyenguruma

Katumba, Jumatano

Kwako mdogo wangu Alois,

Nakuamkia wewe na wote wa nyumba yako huko Karema. Mguu wako ule uliovimba umeshuka? Shemeji yako Regina naye anauliza. Sisi tupo, tunazisukuma siku. Mahindi yamekaa vizuri, na mimi bado nalima ekari mbili kwa mikono hii wakati vijana wa hapa saa nne tu wameshika kiuno. Barua nimeandika mwenyewe. Darasa la tatu sikulimaliza, lakini mwandiko wangu unaujua, hata katibu wa kijiji hanifikii. Simu sikutaka, maana simu yako ikiita nyumba nzima inasikiliza.

Jana nimeonana na Sospeter wa lori la dagaa. Amesema yule mbwa niliyekupa, Shujaa, amekuwa dume la kutisha, na watu wawili wameshaomba umpandishe kwa majike yao, na wewe umekubali. Tena akasema binti yako Rahel amerudi nyumbani na mtoto wake aliyeanza kutambaa, anamvuta Shujaa masikio na mbwa yuko kimya kabisa, hata kunguruma hangurumi. Sospeter alikuwa anacheka. Mimi nikarudi nyumbani kutafuta karatasi.

Alois, usimpandishe huyo mbwa. Na mtoto asimsogelee tena. Sasa nisikilize kwa nini.

Unajua mbwa wangu. Kuanzia hapa mpaka Mpanda mjini, ukisema mbwa wa Ladislas mtu anavua kofia. Nguruwe pori wakinusa harufu ya Komando, baba yake Shujaa, wanahamia shamba la mwingine. Na siri yake ni ile ile ya marehemu baba. Watoto wa mbwa wakifungua macho unamshika mmoja mmoja ngozi ya shingo, unamning'iniza juu ya ndoo ya maji. Anayelia, huyo ni mwoga, wa kumpa mtu alinde kuku, asizae. Anayekaa kimya ndiye mbegu. Miaka arobaini nimechagua hivyo sijabadilisha, na wengi walinibishia wakaishia kuja kuniomba mbwa.

Wiki iliyopita akaja mtaalamu wa mifugo, binti mmoja anaitwa Dorice, kuchanja mbwa. Komando alikuwa amelala. Dorice kuinama tu, mbwa akamrukia, akachana mkono wa koti, bila sauti. Nikamwambia huyo ndiye mbwa, si hawa wenu wa mjini wa kupiga kelele. Nikamweleza na mambo ya ndoo, nikidhani atajifunza kitu. Akafunga sanduku lake, akasema: "Mzee, mbwa akinguruma anakuomba uondoke. Wewe miaka yote umewatupa wanaoomba, ukawazalisha wanaouma tu."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mbwa wangu walikuwepo kabla mama yake hajaolewa. Akasema sawa mzee, lakini anayeuma watu wa nyumba yake asizae, na watoto wake wasizae, huo ndio utaratibu, na akataka kujua kama Komando ameshauma mtu wa hapa. Nikasema hapana.

Alois, hapo ndipo ninapokwama. Kalamu nimeiweka chini mara tatu.

Unakumbuka mwezi wa pili nilikupigia simu kwamba mjukuu wangu Odeta ameumwa shavuni na mbwa wa jirani yangu Arcade. Wewe ulisikitika sana. Haikuwa mbwa wa Arcade. Odeta alikuwa anampelekea Komando ugali kama kila siku, mimi nimekaa hatua tano, nimeona kwa macho yangu. Hakunguruma. Watu walipokuja mbio nikasema ni yule wa Arcade, kwa sababu yule hubweka mchana kutwa na kila mtu alikuwa amemchoka. Nilifikiri, wakijua ni Komando, nani atachukua tena mbwa kwangu? Arcade hakubisha. Alimleta mbwa wake mwenyewe kwa kamba, akaomba radhi mbele ya watu, wakampiga mbwa mpaka akafa. Alilia kama msiba, yule mtu mzima. Na Odeta alipotoka hospitali aliwaambia ni Komando, mimi nikawaambia mtoto amechanganyikiwa na homa. Wakaniamini mimi. Mtoto wa miaka saba nimemfanya mwongo.

Komando sasa yuko kwenye mnyororo. Kesho Dorice anakuja kumhasi, nimetuma mtu kumwita, na ikibidi achomwe sindano ya kufa nitamshika kichwa mwenyewe. Jumapili baada ya misa nitasema kwa Arcade mbele ya wale wale waliomwona analeta kamba. Wewe leo hii, kabla hujala, mfunge Shujaa. Tafuta mtaalamu wa huko amhasi. Wale wawili waambie kaka yako amekataa, wanitukane mimi. Na kama umeshampandisha, Alois, nitajie ni kwa nani, nitakuja Karema kwa lori la Sospeter nizunguke nyumba kwa nyumba. Nina nguvu bado.

Regina anakusalimu, ametuma na karanga kidogo kwa Rahel. Mwanangu Pacifique na mkewe wanakusalimu. Arcade pia alinipa salamu nikufikishie jana tulipokutana kisimani, nikashindwa kumtazama. Odeta hasemi na mimi tangu mwezi wa pili, ila amekaa hapa mlangoni ananiangalia ninavyoandika, kovu lake limegeukia kwangu. Nimemwuliza nimwandikie salamu gani babu yake wa Karema. Amefikiri kidogo. Amesema, andika ni Komando.

Nimeandika.

Ni mimi kaka yako wa tumbo moja,
Ladislas