Vijiwe vya Kopo la Kahawa

Qaanaaq, 3 Machi

Kwako Bibiane,

Hujambo? Sisi huku hatujambo. Baba yako Masauna anakohoa kidogo tu, mbwa wazima, na barafu mwaka huu ni nzuri.

Umeshaona sijakuita Mama. Jina ulilobeba ni la mama yangu mzazi, na tangu uzaliwe nimekuita Mama kama desturi yetu inavyotaka. Leo kalamu yangu inakataa kuliandika.

Barua ya ofisi yenu ya uvuvi huko mji mkuu imebandikwa dukani. Inasema kuanzia Agosti meli za nyavu za kukokota zitaingia ghubani kwetu kuvua vile visamaki vya chini ya barafu, visagwe unga wa kulishia samaki wa kufugwa huko kusini. Eti hakuna madhara, kwa kuwa sili tunaowawinda juu ya barafu wanakula kamba, si samaki. Na chini kabisa, sahihi yako! Nani kakulisha upuuzi huo?

Mzazi wako,
Naduk

Nuuk, 19 Machi

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa baba. Mimi ni mzima, ila nimeumia.

Nani kanilisha? Hao hao wawindaji wenu. Watu wa ofisi yetu waliwauliza kumi na mmoja, baba akiwemo. Wakanywa kahawa yote, na wote wakasema kamba. Nimeandika walichosema. Ulitaka niwabishie wazee? Kamati inakaa tarehe 20 Juni. Ukiwa na ushahidi, lete. Hasira si ushahidi, mama.

Na kikohozi cha baba kimefikia wapi?

Binti yako,
Bibiane

Qaanaaq, 4 Aprili

Bibiane,

Sote wazima. Kikohozi kimeisha, baba yako amebaki na kiburi tu.

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Mmewauliza wanaume! Mwanamume anapiga sili, anamkokota mpaka mlangoni, anavua viatu, anaanza kusimulia. Tumbo anapasua nani? Baba yako ameua sili miaka arobaini na hajawahi kuona tumbo lolote ila lake. Nimemuuliza, "Hao kamba uliwaona wapi?" Akasema, "Kwenye mavi yao, juu ya barafu. Si mekundu?" Ndiyo, mekundu. Maganda ya kamba hayasagiki, samaki huyeyuka wote kabla ya kufika huko. Huyo ndiye mtaalamu wenu!

Lakini wewe si mwanamume. Ulinishikia ndoo tangu ukiwa huyafikii magoti yangu. Uliviona vile visamaki vikitoka tumboni viganja kwa viganja, vingine vizima kama vimelala. Ulijua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hizo meli.

Kopo la kahawa la bibi yako, mwenye jina lako, lipo palepale juu ya kabati. Kila sili aliyempasua, alichambua vijiwe vya masikio ya samaki, vidogo kama punje za mchele, vinavyobaki nyama ikiyeyuka, akavitia humo. Nami sijaacha.

Naduk

Nuuk, 2 Mei

Mama,

Natumaini hamjambo. Mimi ni mzima, ila nina la kukiri.

Nilijua. Katika ofisi nzima mimi peke yangu ndiye wa kutoka kaskazini, nikaona haya kusema kwamba elimu yangu nyingine niliipatia juu ya ndoo. Juzi nilimwambia mkuu wangu. Akatabasamu. "Bibiane, hizo ni hadithi za jikoni. Sahihi ni yako. Ukiikana, katafute kazi kwingine."

Tuyaache, mama. Nakuomba.

Binti yako

Qaanaaq, 27 Mei

Bibiane,

Hatujambo, na hatuachi.

Hadithi za jikoni? Basi namtumia jiko lenyewe. Ndege ya Jumatano inaleta sanduku. Juu kuna kopo la bibi yako na kisu chake. Chini yake ni matumbo ya sili wa mwezi huu, yameganda, kutoka kwa wanawake wote wa mtaa wa chini, kila moja na jina la mwenye kulitoa. Inaluk ametia na la nyangumi wa pembe, si unamjua hapendi kushindwa. Wafungulie kamati, na madirisha uyafunge wanuse vizuri.

Uwaambie hivi: kisamaki kinakula vidudu vya chini ya barafu, kinanenepa. Sili anakula kisamaki, dubu anamla sili, na sisi na mbwa wetu tunamla sili huyo huyo. Sote tunalishwa na hicho kidogo ambacho ofisi yenu inakiona hakina maana. Wakikimaliza hicho, wametumaliza.

Kazi utapata nyingine. Ghuba nyingine hatuna.

Naduk

Nuuk, 21 Juni

Mama,

Hamjambo? Mimi sina kazi, ila nimelala vizuri.

Meza ya kamati ni ya kioo. Nilipomimina kopo, vijiwe vikalia kama mvua ya mawe. Mkuu wangu akasema, "Ondoa uchafu huu." Nikashika kisu cha bibi, nikapasua tumbo la kwanza. Visamaki vikatoka vizima na macho yao, na bwana mmoja akakimbilia mlangoni. Mwenyekiti, mama mtu mzima wa pwani ya mashariki, akavuta kiti, akaingiza kidole, akasema, "Kwetu pia ni hivi hivi. Mbona mimi hamkuniuliza?"

Mkuu akataka kujua mtaalamu ni nani. Nikasoma majina yenu yote, polepole. Kisha nikaifuta sahihi yangu mbele yao.

Meli haziji Agosti. Watalitazama tena mwakani. Najua hiyo "tena" hutaipenda.

Nataka kurudi nyumbani. Bado umenikasirikia?

Binti yako,
Bibiane

Qaanaaq, 1 Julai

Mama yangu mpenzi,

Sote wazima. Mwakani waje, watatukuta na sanduku jingine. Baba yako siku hizi anapasua matumbo mwenyewe. Anaharibu kila kitu, lakini hatumkatazi.

Panda ndege ya Jumatano. Na usisahau kisu chako.

Mwanao,
Naduk