Winchi Iliyoteleza

Jumatatu, 4 Machi 2019
Winchi ya kichinjio imekata tena, na fundi umeme ni mimi. Kila ikiteremsha mzoga mzito, draivu, lile sanduku linaloongoza mwendo wa mota, inaonyesha umeme umezidi, inazima. Nyama inabaki ikining'inia. Wateja wa mji wa Kinna wamejaa mlangoni, wanafoka. Nilijua pa kuanzia: rezista ya breki, inayochoma umeme ambao mota hurudisha mzigo ukishuka. Iko juu ya paa. Jua kali. Sikupanda. Nikairefushia draivu muda wa kusimama, mzigo usimame polepole, ikaacha kukata. Meneja akanisifu mbele ya watu.

Jumatano, 6 Machi
Guyo, mwendesha winchi, alinifuata jikoni.
"Dada, hii kitu inateleza. Naachilia kitufe, bado inashuka."
Nikamwambia aachilie mapema. Inateleza kweli, na ni mimi nimeifanya iteleze. Hilo sikumwambia. Kesho nitapanda.

Alhamisi, 7 Machi
Sikupanda.

Ijumaa, 8 Machi
Mzoga umempiga Guyo. Aliachilia kitufe, haukusimama, na Boru, kijana wa usafi, alikuwa chini anaosha sakafu. Guyo akakimbia kumsukuma. Boru ni mzima. Guyo amevunjika mkono wa kulia vibaya. Nilimshikilia kichwa mpaka gari likaja. Aliuliza tu kama Boru ameumia.

Jumamosi, 9 Machi
Leo ndiyo nimepanda. Waya wa rezista umeliwa na kutu, umekatika. Kazi ya asubuhi moja. Nimeunga waya, nimerudisha muda wa kusimama ulivyokuwa. Winchi inasimama pale pale.
Meneja anasema Guyo alizubaa, hatarudi kazini. Wote waliitikia. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na koleo mkononi. Nikaenda kuhifadhi vifaa. Najichukia.

Jumatatu, 11 Machi
Nimesema ukweli. Meneja alifunga mlango, akaniuliza kama najua ninachokifanya. Nikarudia yote. Guyo atarudi akipona. Mimi nimesimamishwa kazi. Nilidhani nitapumua. Wapi.

Jumanne, 12 Machi
Mtaa wa Kiwanjani, nyumbani kwa Guyo. Mkewe aliitikia salamu, akaingia ndani. Nikamweleza Guyo kila kitu.
"Ungeniambia tu," akasema. "Ningewaondoa watu pale chini."
Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana.
Mkewe alileta chai na chapati, akaondoka. Guyo alihangaika na chapati kwa mkono mmoja. Nikavuta sahani, nikamkatia vipande vidogo. Akala.