Wanavyokuiga Darasani

Solange mwanangu,

Nakuandikia nikiwa na kinyaa, na unajua mimi si mtu wa kukasirika. Hata ulipokata kitambaa cha mteja ukamshonea mwanasesere wako sketi, nilicheka tu. Leo sicheki.

Unakumbuka njia ya kwenda kwa shangazi yako, kule Kibati? Tulishuka kwenye pikipiki tukamalizia kwa miguu, na kila kilima kidogo wewe ulichuchumaa, magoti yamegusa kifua, midomo ya buluu kama umelamba wino. "Nafunga kiatu, papa." Ulikuwa umevaa kandambili. Nami niligeuka, nikatazama volkano mpaka umalize kufunga kamba zisizokuwepo.

Baadaye hospitalini wakatueleza kwamba ulizaliwa na moyo wenye kasoro nne, na kwamba kuchuchumaa kulikuwa kunausaidia kupeleka damu kwenye mapafu. Mwili wako ulijigundulia wenyewe dawa yake. Upasuaji ulikuwa nje ya nchi. Tukaambiwa tungoje. Tukiwa tunangoja, vita vikaja, uwanja wa ndege ukafungwa, na pumzi yako haikungoja.

Na wale wanafunzi wa uuguzi waliozunguka kitanda chako! Madamu wao aliwafundisha kasoro hizo kwa ishara. Kubana pua: njia ya damu kwenda mapafuni ni nyembamba. Kidole ndani ya duara la vidole: tundu kwenye ukuta wa moyo. Kupanua miguu kama mtu aliyepanda pikipiki: mshipa mkubwa umekaa juu ya ukuta huo, huku na huku. Kukunja mkono wa kulia kuonyesha misuli: upande wa kulia umenenepa kwa kazi nyingi. Kwenye kile kidole vijana walijikaza, wakashindwa, wakacheka. "Mucheke tu," madamu akasema. "Mutu akicheka hasahau."

Ukaninong'oneza, "Papa, banacheka moyo yangu?"

"Hapana. Banacheka vidole vyao."

Basi nawe ukakunja mkono wako mwembamba, ukawaonyesha misuli usiyokuwa nayo. Siku ile niliwasamehe wote kwa ajili ya mkono ule.

Lakini wiki iliyopita msichana mmoja wa kundi lile alikuja kwenye cherehani yangu kupunguzisha blauzi yake nyeupe.

"Papa Solange! Tulipita egzame! Swali ilitoka juu ya Solange!"

"Solange gani?"

"Ile ya moyo, papa. Kwetu ku masomo sisi wote tunaiita Solange."

Akaanza, mbele yangu, mkasi ukiwa mkononi mwangu. Pua. Kidole. Pikipiki. Mkono. Kisha akachuchumaa juu ya mkeka, akavimbisha mashavu na kutoa macho kama chura. "Hii ya tano tuliongeza sisi wenyewe," akasema, na alikuwa na furaha ya kweli, hilo ndilo lililonichafua roho. Alitegemea nifurahi naye. Alipoondoka nilitema mate nje, nikanawa mikono kama mtu aliyeshika panya aliyeoza. Blauzi yake sikuigusa tena siku hiyo.

Nikaenda shuleni kwao, nimeazimia kumwambia madamu aufute mchezo ule wote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Papa Solange, haiko kukutukana. Mwanafunzi wangu mumoja aliona mutoto anachuchumaa njiani, kule Kanyaruchinya. Mama yake alikuwa anamupiga, anamuita muvivu. Akamutambua kwa ile ya tano."

"Na kisha kumutambua?"

Akapangusa chaki vidoleni. "Anangoja."

Watu wazima wote wale, wanajua kasoro nne kwa pua na kwa miguu, na katika mji huu mzima hakuna chumba kimoja cha kuziba tundu moja! Bado naona ni uchafu. Lakini mtoto yule hapigwi tena, mwanangu. Sikumwambia tena aufute mchezo.

Madamu akaniingiza darasani. Wakasimama wote, hata msichana wa blauzi. Nikawaambia: "Kuchuchumaa, mubaki nako. Ila muchuchumae vizuri. Hakutoa macho. Hakuvimbisha mashavu. Alinyamaza, akatazama chini, akangoja pumzi imurudilie. Na jina la mutoto wangu, mulitoe hapa."

Kijana mmoja wa mbele, yule aliyecheka kuliko wote kando ya kitanda chako, akainua mkono.

"Sasa tuiite nani, papa?"

"Muiite ugonjwa."

Nikatoka. Kinyaa hakijaniisha, na sitakudanganya kwamba kitaisha. Lakini jina lako nimetoka nalo, na nyumbani tunakuita mimi na mama yako, kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaomwita mtoto aje kula.

Upumue vizuri huko, Solange.

Papa yako