Samli Ndani ya Kabureta

Mae, mama yangu mpendwa,

Jana wageni wa mwisho waliondoka, na leo asubuhi nimefagia uwanja mwenyewe. Nyumba hii ya Kanazi imekuwa kimya mno bila sauti yako ya kuniuliza kama nimekula. Basi nimekaa barazani na kalamu, nikuandikie. Habari za ugonjwa wako sizitaki. Nataka tuzungumze habari za pikipiki.

Unakumbuka nilivyorudi kutoka vitani? Hata begi sikuwa nimeliweka chini, ukanishika mkono ukanipeleka moja kwa moja stoo ya kahawa. Nilidhani kuna ng'ombe amezaa. Ukafunua majani makavu ya migomba, na hiyo hapo pikipiki yangu, ile niliyoinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, inang'aa kuliko nilivyoiacha.

"Iwashe," ukasema. "Tunakwenda Muleba."

Nilijua kwa nini Muleba; habari nilikuwa nimezisikia njiani. Dada yako, Ma Anastela, alipoona barua zangu zimekatika muda mrefu, aliamini nimekufa, akaniwekea matanga. Wewe ulikataa kwenda. Ulimpelekea ujumbe kwamba utakanyaga uwanja wake siku mwanao atakapokuleta mwenyewe kwa pikipiki yake, na tangu hapo ninyi wawili, mliolelewa kitanda kimoja, hamkuonana tena. Lori la kahawa lingetufikisha vizuri tu. Ukalikataa katakata. Ulikuwa umeshasema pikipiki.

Nikapiga kiki. Nikapiga mpaka goti likauma, na injini haikukohoa hata kidogo. Jirani yetu Ta Laurenti, aliyekushauri mara nyingi uiuze kabla haijaoza, alikuja akaegemea mgomba, anatazama kwa raha zake.

Nikafungua kabureta. Mae, nilipokuwa dereva wa malori jeshini nilifungua kabureta nyingi, nikakuta mchanga, maji, hata mende. Sikuwahi kukuta nilichokikuta siku ile. Petroli niliyoiacha ndani ilikuwa imekauka ikawa utomvu wa kahawia; hilo nililitegemea. Lakini juu yake palikuwa na bonge lililogeuzwa kijani na shaba, lenye harufu niliyoifahamu tangu utoto. Nikalinusa tena. Nikakutazama, umesimama pale umejaa matumaini.

"Kuna nini?" ukauliza.

"Petroli imelala sana, Mae."

"Usinidanganye. Hiyo ni samli yangu."

Ndipo ukaniambia. Kila ulipoutoa mkuki wa babu kuupaka samli usishike kutu, uliipaka na pikipiki, na kila tundu ulilolifikia ulilishindilia, kwa sababu kutu, ulisema, huanzia ndani. Nilijaribu sana kujizuia. Wewe ndiye uliyeanza kucheka, ukashika nguzo ya baraza. "Waitu! Nimeilisha kama mzazi aliyejifungua jana!" Tukacheka mpaka Ta Laurenti akasogea kuuliza kulikoni.

Vyuma vidogo tulivichemsha kwa maji ya sabuni katika sufuria yako ya maharage, samli ikaelea. Utomvu ukagoma. Petroli ilikuwa adimu, nikasema kwa sauti ya chini kwamba labda gongo ingeweza. Wewe, Mlutheri usiyeruhusu hata rubisi, pombe ya ndizi tu, kuvuka mlango wako, ulijifunga kanga ukaenda mwenyewe kwa Ta Laurenti, ambaye siri yake kila mtu aliijua. Ulirudi na chupa mkononi, mchana kweupe. "Ni ya pikipiki," ulimwambia kila uliyekutana naye, na hakuna aliyekuamini.

Kikabaki kile kipande cha shaba chenye katundu kembamba ka kupitishia petroli. Nilikwambia waya ungekatanua. Ukachomoa unyasi mmoja kwenye kikapu ulichokuwa unasuka, ukalamba ncha yake, ukapenyeza taratibu, kisha ukakiinua juani na kufumba jicho moja.

"Namwona Ta Laurenti," ukasema.

Iliwaka, Mae! Moshi ukatoka unanukia samli ya kukaanga, majirani wakaja kuuliza tunapika nini. Ulipanda upande upande na gauni lako la kanisani, ukanikamata kiuno, na kila tulipokaribia nyumba za watu ukaniamuru nipunguze mwendo ili wanione. Kwenye mteremko uliimba. Kwenye vilima virefu ulishuka ukasukuma, na nilisikia unacheka nyuma yangu. Sijawahi kuwa na safari nzuri kama ile.

Ma Anastela alikuwa anaanika kahawa. Alipotuona tunaingia uwanjani, alikaa palepale juu ya kahawa yake. Njia nzima ulikuwa ukinisomea maneno utakayomwambia, na yalikuwa makali. Hukusema hata moja. Ulishuka, ukakaa naye juu ya kahawa, ukalia kwa sauti kubwa hata watu wakaja mbio wakidhani kuna msiba. Ma Anastela alikukumbatia, naye analia, anaomba radhi, anapapasa uso wangu kwa mkono mmoja.

"Mae," nikakuuliza, "mbona unalia na mimi niko hapa?"

"Sikuwa na nafasi," ukanijibu. "Ningelia kabla, ningekuwa nimekuzika."

Siku hizi zote za msiba wako nimekuwa mtu wa kupokea wageni, kutafuta kuni, kuhesabu mikungu ya ndizi na kumshika Ma Anastela asianguke. Nimesikia wakinong'ona kwamba mwanao Rwegasira ana moyo mgumu, hajatoa hata chozi. Ma Anastela aliwaambia waniache.

Sasa wamekwenda, Mae, na nafasi ninayo. Nimecheka tangu mwanzo wa barua hii, na karatasi imelowa.

Pumzika vizuri.

Mimi mwanao,
uliyekataa kumzika.