Mama Mkwe Anaomba Ufadhili

Jumatatu, 3 Machi
Mwaka huu tena nimepewa kazi ya kuwanoa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaoomba ufadhili wa shahada ya pili. Mkuu wa idara anasema nina ulimi mkali, nafaa. Binti mmoja ameanza insha yake na “Tangu nilipozaliwa”. Nimemwambia jopo halina muda wa kumsubiri akue. Wamecheka. Mara hodi — mama mkwe! Nikadhani kuna msiba. Kumbe amekuja na insha. Nilijua tangu astaafu kazi ya wodini anasomea digrii ya uuguzi hapa chuoni. Kwamba anaomba ufadhili — hakuna aliyenidokeza! Nimemwamkia, nikampa kiti changu. Nimefundisha nimesimama hadi mwisho.

Alhamisi, 6 Machi
Insha ya mama mkwe ni mbovu. Basi, nimeandika.
Anamshukuru Mungu, marehemu mumewe, madaktari, mpishi wa wodi, na mimi, “mkwe wangu mpole”. Anachotaka kusomea hakimo! Ingekuwa ya yule binti ningeichana kwa kalamu nyekundu. Hii nimeandika pembeni, kwa penseli: “Nzuri sana, mama.” Mke wangu kachungulia begani. “Utamwambia lini ukweli?” Nikasema amwambie yeye, si ni mama yake? Akajibu kwamba mwalimu ni mimi. Tumenuniana mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa.
Binti wa Tangu Nilipozaliwa kauliza mbele ya wote: mbona insha ya mama haikosolewi? Mama mkwe kakunja mikono. “Hata mimi nilikuwa najiuliza, Mwalimu.”
Mwalimu! Nyumbani huniita mwanangu.
Nikakodolea macho dirisha, nikasema: “Mama, hii ni risala ya harusi. Umeshukuru watu wote, ila wewe mwenyewe humo ndani yake.”
Akachukua karatasi, akachukua mkoba, akatoka. Hata kwaheri hakuna. Jioni mke wangu kampigia, simu imezimwa. Nimekwisha.

Jumanne, 11 Machi
Amerudi! Na insha mpya. Inahusu wagonjwa wa kisukari wanaoruhusiwa kwenda nyumbani bila mtu kuwaonyesha namna ya kutunza vidonda, kisha wanarudi kukatwa mguu. Amewaona kwa macho yake, mmoja baada ya mwingine. Anataka kutafiti njia ya kuwafundisha wao na jamaa zao. Nimesoma mara mbili. Nikatafuta kosa kwa udi na uvumba, nikapata mkato mmoja tu uliokosewa. Kaniuliza kama nimemaliza kutafuta. Nikasema ndiyo, mama.
Sasa yeye ndiye anayemnoa yule binti. Maskini — mimi nilikuwa mpole.

Ijumaa, 14 Machi
Usaili ni kwa njia ya video, hapa sebuleni kwetu, maana kwake mtandao unasumbua. Mama kavaa gauni la bluu. Mimi nimefunga tai — sijui kwa nini, hakuna anayenisaili! Niko korido na mke wangu, naandika ili nisichungulie.
Maswali ya mwanzo kayamudu vizuri. Sasa mwanajopo mmoja, sauti ya kijana kabisa, kauliza: mama, kwa umri wako, huoni nafasi hii ingemfaa zaidi kijana?
Yarabi! Swali hilo sikumzoesha. Nilijua litaulizwa. Nilimwonea haya kumuuliza!
Kiti kimelia. Kisha mama, sauti ileile ya wodini:
“Mwanangu, watoto wangu wote nimewangoja wamalize shule. Kungoja nakujua. Lakini wagonjwa ninaowasemea, kila tukingoja, kuna anayekatwa mguu. Na wewe mama yako akiugua, utauliza umri wa muuguzi?”
Mke wangu kaniminya mkono mpaka kalamu imeruka.
Kimya. Kirefu. Hakuna hata anayekohoa.
“Mwalimu!” Mama ananiita. “Hebu njoo uone. Hawa watu wameganda. Ni mtandao, au ni mimi?”
Nami juu tai, chini bukta. Mke wangu ananisukuma niingie hivyo hivyo —