Makumi Sita na Mbili

Papa,

Ningekuandikia mapema, ila nilikuwa na aibu. Acha nikueleze, halafu ucheke unavyotaka.

Ile karatasi yako ya vyuo vikuu bado iko kwenye friji hapa Landover: College Park, Montreal, Liège. Viwili vya mwisho ulivipigia mstari, maana kwako mtu hajasoma mpaka asome kwa Kifaransa. Mama hataki iguswe.

Montreal walinikataa. College Park wamenikubali. Liège walitaka kwanza nifanye mtihani wa Kifaransa, kwa kuwa nimesoma shule za Maryland. Nilifanya, Papa. Zile imla za Jumamosi, ukitoka ghalani na sare bado mwilini, nami nimenuna mezani, ndizo zilizonibeba. Majibu yakaja: kumi na nne juu ya ishirini.

Nililia. Kwa shule za hapa hiyo ni sabini kwa mia, alama ya kuitiwa mzazi. Nikaificha barua chini ya godoro, nikamwambia Mama nimechagua College Park kwa sababu sitaki kumwacha peke yake. Uongo mtupu, na akanibariki juu yake.

Wiki moja baadaye akabadilisha mashuka. Nilisikia kelele nikadhani ameanguka. "Weye Furaha! Kumi na ine juu ya makumi mbili! Umepita papa yako!" Akanimwagia poda kichwani, kopo zima, kama mnavyofanya Bukavu mtu akifaulu, akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha akakaa kitandani akalia, nikalia naye, kwa sababu saa hiyo wewe ungekuwa umeshavaa suti, unatafuta wa kumwambia.

Hapo ndipo nilipokuelewa: kwa alama za kwenu nusu tayari ni kufaulu, na sabini kwa mia huipata wachache. Kila sherehe ulikuwa unasimama kutangaza alama zako za mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, sitini na mbili kwa mia: "Miye, examen d'État nilipata makumi sita na mbili!" Wazee wenzako wanapiga makofi, wanajua wengi kule walirudi nyumbani bila hata hamsini. Mimi nikakuvuta koti siku moja, nikakunong'oneza kwa Kiingereza kwamba unatuaibisha, watu watadhani hukuwa na akili. Ulinitazama, ukakaa. Kwenye harusi iliyofuata hukusimama. Hata ile ya mwisho, kabla hujaugua, hukusimama.

Hilo linaniuma, Papa. Linaniuma sana. Nisamehe.

Liège wamenikubali, nami nimewajibu kwamba naenda. Mama anasema atazoea, ila ameshaanza kunipikia sombe, yale majani ya muhogo, kila siku, na hiyo ndiyo namna yake ya kulalamika.

Jumapili watu wanakuja kuniaga. Najua wataniuliza nimepata ngapi. Nakuahidi nitavaa koti lako lile la kijivu, nisimame, nianze na zako, kwa sauti yako ileile: makumi sita na mbili! Zangu zitafuata baadaye, wakiwa wameshakupigia makofi.

Pumzika, Papa wangu. Sitakuvuta koti tena.

Mwanao,
Furaha