Samaki Aliyebaki Mezani kwa Philomena

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo kidogo cha polisi, Nassa
16 Aprili 1999, saa 4:00 asubuhi

Jina: Specioza Nyanda
Umri: miaka 43
Kazi: mpishi
Makazi: Kalemela

Nimeulizwa samaki yuko wapi. Nimemla mimi. Naeleza ilivyokuwa.

Marehemu Philomena Mihayo alifungua hoteli yake ya samaki ufukweni Kalemela mwaka 1986, na mpishi wake wa kwanza nilikuwa mimi. Abiria wa mabasi ya Musoma walishuka wakigombea viti. Sahani ikifika mezani, yeye mwenyewe alimega kipande cha kwanza akala mbele ya mgeni, kama wazee wetu wanavyoonja pombe kwanza ili mgeni ajue haina sumu.

Soko huria lilipokuja, magari ya viwanda yakaanza kubeba sangara wote, sisi tukaachiwa vichwa. Tulivumilia. Mwaka huu zikaja habari kwamba wapo wanaovua kwa sumu. Wateja wakatoweka, hata wale waliokuwa wakilamba vidole. Siku tisa hakuingia mtu, na marehemu, niliyezoea kumwita mayu, yaani mama, alifuta meza kila asubuhi.

Mnamo tarehe 14 Aprili, saa 6 mchana, alikaanga sato mmoja aliyevuliwa kwa ndoana na jirani yetu Josia. Akavuta viti viwili. Akamega, akatafuna, akaniambia, "Nimeshaonja. Karibu tule, mwanangu."

Nikasema, "Nimeshiba, mayu."

Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Nilimwogopa yule samaki, na mama alijua. Nikaenda ziwani kuosha masufuria ambayo hayakuwa na uchafu wowote.

Niliporudi, saa 7 kasoro robo, alikuwa ameegemea ukuta, amekufa. Presha alikuwa nayo miaka mingi. Watu wakajaa mlangoni, wale wale waliotukimbia. "Sumu hiyo! Samaki wake mwenyewe kamuua." Wakataka kumpiga Josia.

Nilishikwa na hasira. Nikakaa kwenye kile kiti alichonivutia, nikamla samaki mbele yao mpaka ikabaki mifupa. Sikujua kuwa ni kielelezo. Kama ni kosa, nishtakiwe. Alikuwa ameshapoa, lakini alikuwa mtamu, afande. Nilichelewa tu kukaribia.

Nimesomewa niliyosema, yote ni yangu.

(Dole gumba la shahidi)

Nimeandika mimi, Koplo Anatoli, na kumaliza saa 5:10 asubuhi. Leo ni siku ya pili tangu shahidi amle samaki huyo. Ni mzima.